Mama kwa Rangi ya Majivu

Niliingia kwenye lile duka la rangi kutafuta tapentaini tu. Wanafunzi wangu walikuwa wamechora ramani ya Afrika kwenye ukuta wa darasa, wakamwaga rangi sakafuni, na mkuu wa shule alitaka sakafu iwe safi kabla ya kikao cha wazazi. Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari Iringa mjini. Duka lenyewe liko kwenye mtaa wa maduka ya zamani, yale yenye ghorofa moja na roshani ya mbao, na mwenye duka ni bibi wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Iringa. Wateja wazee anawasalimia kwa Kihehe, "Kamwene," kisha anawauliza habari za mashamba.

Nyuma ya kaunta palitundikwa picha ya mzee mmoja mwenye miwani. Nilidhani ni ya kamera, hadi niliposogea nikaona alama za brashi kwenye shavu lake.

"Nani ameichora?" nikauliza.

"Mimi. Ni baba yangu," akasema. "Duka lilikuwa lake."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, na tangu nitoke shule ya msingi sikuwa nimechora kitu zaidi ya ramani na tabaka za miamba ubaoni. Nikamwomba anifundishe kuchora sura ya mtu. Alinitazama kidogo, akaifunga chupa ya tapentaini kwenye gazeti, akasema nije Jumamosi mchana, nipande ngazi za nyuma.

"Ila hutachora mtu hai," akasema. "Kwanza utanakili."

Jumamosi ile alinifungulia kitabu kikubwa chenye picha za wachoraji wa Ulaya wa kale, akakiegemeza dirishani. Picha aliyonichagulia ilikuwa ya bibi wa Kizungu aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani, gauni jeusi, mikono imepumzika mapajani, mwanga ukimwangukia kutoka kushoto. "Aliyeichora alikufa zamani sana," mwalimu wangu akasema. "Ukiharibu hatakasirika."

Niliharibu sana. Tuligawa picha kwa miraba ya penseli ili nisikosee vipimo, na bado jicho moja lilikaa juu ya jingine. Kwanza nilipaka kahawia nyembamba peke yake, giza na mwanga bila rangi nyingine, halafu nikasubiri ikauke. Rangi za mafuta hazina haraka, na kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa saba nilikuwa nikirudi Jumamosi nyingine naigusa kwa kidole, bado inanata. Baadaye zikaja tabaka za ngozi: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu kidogo. Mwalimu alikaa nyuma yangu na kikombe cha chai ya maziwa, halafu ghafla anasema, "Pua hiyo ya plastiki." Nafuta. "Sasa ni pua."

Shuleni sikumwambia mtu. Walimu wenzangu Jumamosi walikuwa na twisheni, na kuku wa mayai, na vikao vya harusi. Wakiniuliza nakwenda wapi na mfuko, nilisema nakwenda kwa mgonjwa. Siku moja mzazi wa mwanafunzi wangu alinikuta nashuka zile ngazi nikiwa na rangi nyeupe kwenye nyusi. "Mwalimu, mnajenga?" akauliza. Nikajibu ndiyo, tunapaka nyumba. Nilitembea hadi nyumbani uso ukiniwaka, na sikuelewa kwa nini nilishindwa kusema neno rahisi kama kuchora. Labda kwa sababu kuchora ni kwa watoto, au kwa watu wenye nafasi, na mimi sikutaka kuonekana katika kundi lolote kati ya hayo.

Lakini ilipokwisha, ilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila kujisifu. Mwalimu mwenyewe alisimama mbele yake muda mrefu, akasema, "Umetulia." Mume wangu, ambaye anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga na hurudi mwisho wa juma, aliniletea mbao za paini zilizopigwa randa akanitengenezea fremu. Tukamtundika yule bibi sebuleni, ukuta unaotazamana na mlango. Wageni wakiingia walisema, "Hee, hii mmenunua wapi?" na mume wangu alinisonta kwa kidevu.

Baada ya mavuno Mama akaja kututembelea kutoka Mbalizi. Yeye ni Mnyakyusa wa Tukuyu aliyeolewa Mbalizi, na tangu Baba afariki anaishi na mdogo wangu wa kike. Alikuja na mchele, maharage na ndizi, akavua viatu mlangoni, akainua macho, akakutana na yule bibi wa Kizungu.

"Huyu ni nani?"

"Ni bibi wa zamani sana, Mama. Nimejifunzia kuchora."

"Wa kanisani kwenu?"

"Hapana. Hata jina lake silijui."

Mama akasogea. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hiyo akarudi nyuma kidogo, akasogea tena. "Umemchora wewe? Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Hata huu mshipa hapa?"

"Hata huo."

"Umemtazama sana," akasema, na nilisikia kwamba ananipongeza kweli.

Akakaa. Huku akisubiri chai akawa anaangalia kuta nyingine. Nami niliyafuata macho yake: kalenda, picha ya harusi yetu, picha za watoto wangu wakimaliza chekechea na majoho yao, baba mkwe wangu na suti ya kijivu. Macho yake yakamaliza ukuta wa mwisho, yakarudi mezani.

"Yangu iko chumbani?" akauliza.

"Iko kwenye simu, Mama."

"Aa. Kwenye simu," akasema. Akaomba maji ya kunawa.

Hakulitaja tena jambo hilo siku zote alizokaa kwetu. Alicheza na wanangu, alichambua mboga, alikwenda ibadani na mimi. Lakini kila nilipopita sebuleni nikamkuta amekaa chini ya yule bibi asiye na jina, nilitamani kuivuta ile picha na kuificha uvunguni. Nilikuwa najua mikunjo yote ya mdomo wa mwanamke wa nchi ambayo sijawahi kufika. Siku Mama aliporudi Mbalizi, nilichukua karatasi nijaribu kumchora kwa kumbukumbu, nikafika kwenye baka lake la kuzaliwa, lile jeusi la shavuni, nikakwama. Sikujua liko shavu gani. Nikampigia mdogo wangu.

"La kulia," akasema, akacheka. "Kwani wewe umelelewa na nani?"

Nilicheka pia, kwa sababu yeye alikuwa anacheka.

Nikaamua kumchora. Mama alikuwa anakaribia kustaafu uongozi wa akina mama wa usharika wake, kazi aliyoifanya tangu mimi niko shule, na kanisa lilikuwa linamwandalia ibada ya shukrani. Nilitaka picha iwe zawadi. Mwalimu wangu alikuwa amekwenda Dar es Salaam kutibiwa magoti, na kusema kweli sikumsubiri. Nilitaka akirudi nimwambie tayari nimechora mtu wangu mwenyewe na watu wameipokea.

Kielelezo nilichokuwa nacho kilikuwa picha ya simu, iliyopigwa kwa taa ya simu, uso wote umeng'aa kama sahani. Hakukuwa na kivuli cha kunisaidia. Basi pale nilipokosa, nilikopa kwa yule bibi aliyekuwa ukutani. Mwanga niliutoa kushoto, kama wake. Nikamfunga Mama kitambaa cheupe kama chake, na gauni jeusi, na mikono ilipofika zamu yake nikanakili mikono ya yule bibi, mshipa kwa mshipa, nikaigeuza rangi tu. Na kwa ngozi nilijua mapishi ya aina moja tu. Nilichukua kahawia, na kila penye mwanga nikaongeza nyeupe, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nafanya kazi sebuleni, na jicho langu lilikuwa linapima kila kitu kwa ile picha ya kwanza. Zilifanana. Nikaona nimeweza.

Nikaifunga kwenye blanketi, nikasafiri nayo hadi Mbalizi nikiwa nimeishika wima magotini. Kondakta alidhani ni kioo, akawaonya watu wasiiegemee.

Baada ya ibada tulikusanyika nyumbani kwa Mama, uani, chini ya turubai la kukodi. Kwaya ya akina mama ilikuwepo, mchungaji, majirani, shangazi zangu waliotoka Tukuyu. Zawadi zilikuwa zinapelekwa mbele kwa nyimbo: vitenge, masufuria, godoro, mbuzi. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema, "Sasa tunamwita binti yake mkubwa, mwalimu, kutoka Iringa. Nasikia amekuja na kitu hakijawahi kuonekana hapa." Sijui nani alimwambia. Nadhani ni mimi.

Tulikwenda mbele tukicheza, mimi na mume wangu na mdogo wangu, picha imefunikwa kwa kitenge. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikavuta kitenge.

Vigelegele vilikatika. Kwaya iliendelea kidogo, halafu walio mbele wakanyamaza, halafu na walio nyuma. Nikageuka kuitazama picha kwa mara ya kwanza ikiwa kwenye jua, mbali na ile nyingine, na nikaona walichokiona. Mama alikuwa wa rangi ya majivu. Mashavu yalikuwa na weupe wa vumbi, midomo imekauka, kitambaa cheupe kimezunguka kichwa kama watu tunavyofungwa mara moja tu. Ungemweka mbele ya jeneza na mtu asiulize.

Shangazi yangu mkubwa, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo huongea kwa sauti, akamgeukia jirani yake. "Kwani alipochorwa alikuwa anaumwa?"

Wakamnyamazisha. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Kazi nzuri, kazi ya mikono. Tumpigie makofi mwalimu." Wakapiga. Mchungaji aliinama akaniambia kwa upole kwamba sanaa ya kisasa ina mambo mengi.

Ndipo Mama akainuka kwenye kiti chake cha mapambo. Alikuja polepole, akaishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuzia watu, akaiweka kando ya uso wake. Sasa walikuwa wawili, mmoja wa kahawia yenye joto, ana jasho la furaha kwenye paji, na mwingine yule wa kwangu. Sijawahi kuona tofauti kubwa kama ile.

"Ni mimi," akawaambia watu. "Mwanangu amenichora mimi. Ndaga fijo."

Kama angekasirika ningejua pa kusimama. Ile asante yake kwa Kinyakyusa ilinipeleka moja kwa moja jikoni, nikaosha masufuria ambayo yalikuwa na watu wake wa kuyaosha, na nilikataa kutoka hadi chakula kikaisha. Mdogo wangu akaja akasimama mlangoni.

"Uliichora kwa haraka?"

"Hapana. Imenichukua miezi."

"Aa," akasema. Akachukua kitambaa akaanza kukausha vyombo.

Mama aliitundika sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Mdogo wangu alinisimulia kwa simu kwamba wageni wasiomjua Mama vizuri wanapoingia, wanatazama ukutani, wanasema "Poleni," kabla hawajakaa. Alicheka mpaka alipogundua kwamba mimi sicheki. Nikaomba aniitie Mama.

"Mama, itoe. Nitakuletea nyingine."

"Iache. Inanisumbua nini?"

"Inanisumbua mimi."

"Wewe uko Iringa," akasema.

Mwalimu wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam, sikwenda tena kwenye masomo. Nilikuwa napita upande wa pili wa ule mtaa, na kama lori la mbao limeegeshwa nilifurahi, kwa maana lilinificha. Haikusaidia. Siku moja mwalimu wangu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake mpya ya kutembelea, akaniita kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, umehama Iringa?"

Nikavuka. Nilipomwamkia aliitikia, akanitangulia kupanda ngazi, hatua kwa hatua, mimi nyuma yake kama mwanafunzi aliyetoroka. Juu nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili.

"Mikono hii ni ya nani?"

"Ya yule bibi."

"Na mwanga?"

"Wake."

"Na kitambaa?"

"Chake."

"Sasa mama yako yuko wapi hapa?"

Nikamwonyesha baka la shavuni.

Hakucheka, hakugomba. Alikaa akanyoosha goti lake. "Hili ni kosa letu wote wawili," akasema baadaye. "Nilikufundisha ngozi ya mtu mmoja, nikasahau kukwambia kwamba ni ya mtu mmoja." Akanishika mkono akaupeleka dirishani, akakunja sweta langu hadi kwenye kiwiko. "Rangi gani?"

"Kahawia."

"Angalia."

Niliangalia, na kwa muda ilikuwa kahawia tu. Kisha nikaona kwamba juu ya kifundo cha mkono, mahali mwanga wa anga ulipogusa, palikuwa na bluu. Kwenye kiwiko palikuwa na zambarau. Kwenye viungo vya vidole palikuwa na wekundu wa matofali, na upande wa ndani wa mkono njano ya asali. Nyeupe haikuwepo popote. Nimeuvaa mkono ule maisha yangu yote, na pale dirishani nilikuwa nauona kama wa mgeni. Nikaona haya hata kwa hilo.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Mbalizi na rangi zangu. Nilimwomba Mama akae barazani asubuhi, mwanga ukiwa laini. Siku ya kwanza alivaa sare yake ya kanisani, akajipaka mafuta, akakaa wima kama anasubiri kuhojiwa. Nilipoanza kumtazama alicheka, akafunika mdomo kwa mkono.

"Usiniangalie hivyo."

"Nitachoraje bila kukuangalia?"

"Angalia kidogo, chora, halafu angalia kwingine."

Nilijaribu, na mimi mwenyewe nilikuwa nashindwa. Kumkazia macho mama yako ni utovu wa adabu, tumelelewa hivyo. Kila nilipoinua uso akayakuta macho yangu, mmoja wetu aliangalia chini. Siku iliyofuata alivaa gauni lake la kila siku, na akaja na maharage ya kuchambua, na mikono yake ilipopata kazi uso ukatulia. Akanisahau. Hapo ndipo nilipomwona. Nyusi zilikuwa zimebaki nusu. Mdomo ulikuwa unaingia ndani upande wa kushoto, palipong'olewa meno, na ndiyo maana mkono wake ulikuwa unakimbilia pale. Chini ya kidevu palikuwa na kovu linalong'aa, ambalo sikuwa nimewahi kuliona.

"Hili lilitokea lini?"

"Mafuta ya maandazi. Yaliniruka." Alitupa haragwe bovu. "Mwaka uleule wewe ulipokwenda bweni."

Nililiweka kwenye picha, kwa rangi ya waridi na bluu kidogo. Tulikaa asubuhi zote za likizo. Mara nyingine alisinzia, mara nyingine aliimba. Mara moja alisema, bila kuniangalia, kwamba tangu Baba afariki hakuna aliyemtazama usoni kwa muda hivyo, ila daktari wa macho.

Niliimalizia Iringa. Mwalimu wangu aliitazama hadi chai yake ikapoa. "Huyu yupo," akasema.

Ilipokauka vizuri nikaipeleka Mbalizi, safari hii bila sherehe. Tulikuwa watatu tu sebuleni, Mama, mdogo wangu na mimi. Niliisimamisha kando ya televisheni, chini ya ile ya majivu. Mdogo wangu alishika mdomo, akasema, "Mama mwenyewe," na machozi yakamtoka. Nikajua safari hii sikukosea. Nilikuwa nimekwishaanza kutafuta kiti cha kupanda niitoe ile ya zamani.

Mama alikuwa bado anaangalia. Mkono wake ulikuwa umepanda mdomoni.

"Ndiyo, ni mimi," akasema. "Ukirudi, nenda nayo Iringa."

"Hujaipenda?"

"Nimeipenda." Alitafuta maneno. "Yule wa ukutani amepumzika. Ana kitambaa kizuri, mikono imetulia, hana shida na mtu. Huyu kila kitu chake kinaonekana. Wageni wangu wamwone hivi?"

Nilitaka kumwambia kwamba yule wa ukutani hana hata mikono yake. Nikaacha kutafuta kiti. Nilikuwa nimekaa mbele yake asubuhi nyingi nikimwona anafunika mdomo, na nikauchora bila kifuniko, nikajisifu kwamba nimejifunza kuona.

Picha hiyo ipo kwangu sasa, sebuleni. Mwaka huu Mama alipokuja tena, alimkuta mtu wa kahawia mwenye kovu kidevuni akimtazama kutoka ukutani. Alisimama mbele yake kidogo, akarekebisha kilemba chake, kisha akavuta kiti na kukigeuza, akakaa akiwa ameipa mgongo, akaendelea kuzungumza na wanangu. Nilimfuata na kikombe cha chai, nikamuuliza taratibu kama niihamishie chumbani.

"Iache hapo," akasema. "Ni nyumba yako."

Nimeiacha. Sijui kama nilipaswa kumsikiliza.